Mgeni wa Ndovu Apitie Kwetu Kwanza

Wahenga walinena kuwa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini mpenzi msomaji, huku kwetu chini ya Mlima Sagalla, karibu na mji wa Voi, tuna wageni ambao wahenga hawakuwafikiria kabisa. Hawa hawangoji siku ya tatu. Wanashuka kwenye gari moshi la SGR pale Voi wakiwa tayari wanaulizia jembe liko wapi, na ajabu ya kustaajabisha ni kwamba jembe hilo wamelilipia kwa pesa zao wenyewe. Nazungumza juu ya wageni wa kutoka Uingereza, Ujerumani, Marekani na kwingineko wanaokuja kujitolea kufanya kazi katika hifadhi za wanyamapori.

Muhula wa kwanza Chama chetu cha Kiswahili kilifanya mjadala kuhusu wageni hawa. Mimi nilikuwa mtunza saa, na mtunza saa haruhusiwi kutia neno, kazi yake ni kugonga meza tu. Niliketi pale nikimeza maneno yangu kama mtu anayemeza kwinini. Wapinzani walisema kwamba wazungu hawa wanakuja kupiga picha, na kwamba nauli ya ndege ya mmoja wao ingetosha kuwaajiri vijana wetu kadhaa kwa miezi. Watetezi wakajibu kwamba wageni wanaleta pesa za kigeni, wanapenda wanyama kuliko sisi, na bila wao ndovu wangekwisha. Makofi yalipigwa huku na huku, kengele ikalia, tukaenda zetu nyumbani. Basi haya ndiyo niliyoyameza siku ile.

Mimi sisemi wageni wasije. Nasema wanaingilia mlango usio wao. Wanafika kwa ndovu kabla ya kufika kwa watu, na kwa sababu hiyo kazi yao inakuwa nusu kazi, na sisi majirani tunabaki watazamaji katika nchi yetu.

Niwaelezee wanavyofika, maana wengi wenu mnawaona tu wakipita ndani ya gari lenye paa wazi. Shangazi yangu ni mpishi katika kambi moja inayowapokea, na likizo zikifika mimi humsaidia kuteka maji na kumenya viazi. Wa kwanza niliyemwona kwa karibu alikuwa msichana wa miaka 19 kutoka Uingereza, ndio kwanza amemaliza shule, anangoja kuingia chuo kikuu. Alifika jioni, uso umeiva kwa jua, mgongoni amebeba mkoba mrefu karibu kumshinda yeye mwenyewe. Nguo zake zote zilikuwa zimefungwa ndani ya mifuko ya plastiki. Dereva akamweleza polepole kwamba mifuko hiyo ilipigwa marufuku Kenya tangu mwaka wa 2017, na kwamba tangu Juni 2020 hata zile chupa za plastiki za kunywea mara moja na kutupa haziruhusiwi mbugani. Dada wa watu akawa mwekundu zaidi. Siku iliyofuata shangazi alimwambia kwa Kiingereza chake kwamba gari litaondoka saa kumi na mbili. Basi yeye akalala usingizi wa pono, akatoka hemani saa sita ya mchana sawasawa, kwa hesabu ya kwao, akakuta gari limeshaenda na kurudi na wenzake wanakula!

Na swali la kwanza la karibu kila mmoja wao ni lile lile. Wale simba waliokula watu wako wapi? Wamesoma kwamba mwaka wa 1898 simba 2 waliwala wajenzi wa reli pale mto Tsavo hadi Mwingereza Patterson alipowapiga risasi mwezi wa Desemba mwaka huo. Shangazi huwajibu kwamba simba hao hawako huku, wako kwao, maana ngozi zao ziliuzwa kwa jumba la makumbusho la Chicago mwaka wa 1924 na huko ndiko walikosimamishwa hadi leo. (Sijasikia mtu aliyejitolea kuwarudisha.)

Simcheki mtu. Mgeni ni kipofu ajapokuwa na macho, na mimi nikipelekwa London leo nitapotea kabla sijatoka uwanja wa ndege. Ninachouliza ni nani humfungua macho mgeni huyu akishafika. Kambini anafundishwa mambo mengi mazuri. Anaambiwa asitoke hemani usiku. Anafundishwa kumtambua ndovu kwa matundu na mikato ya masikio na kwa umbo la pembe zake, kujaza daftari, kutafuta na kung'oa mitego ya waya. Lakini kwenye ukuta wa chumba cha kulia pale kambini kuna ramani kubwa ya Tsavo, ina mito, vilima, barabara na visima vya maji vya wanyama. Ukifika mpakani mwa mbuga rangi inaisha. Mahali kilipo kijiji chetu ni karatasi nyeupe. Nimeitazama ramani ile mara nyingi nikingoja viazi viive, na naamini kwamba ndani ya vichwa vya wageni wetu nako tuko hivyo hivyo.

Karatasi hiyo nyeupe ina historia. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa na serikali ya kikoloni mwaka wa 1948, na leo mbuga zote mbili, ya Mashariki na ya Magharibi, zimechukua takriban asilimia 62 ya Kaunti ya Taita Taveta. Sisi tumejibana katika kilichobaki. Wako pia Waata, ambao walikuwa wakiwinda ndovu kwa upinde na mshale wa sumu tangu enzi za mababu. Katika miaka ya 1950 walisakwa na kutiwa jela, wakaitwa majangili katika ardhi waliyozaliwa. Sisemi ujangili ni mzuri, la hasha. Moi alipochoma tani 12 za pembe mwaka wa 1989 alifanya jambo la maana, na bila hatua kama hizo labda ile hesabu ya mwaka wa 2021 isingepata ndovu 36,280 katika Kenya nzima. Lakini mtu anayekuja kulinda ndovu wa Tsavo bila kujua habari za Waata ni kama mtu anayesoma kitabu kuanzia sura ya nne.

Sasa niseme ya kwetu nyumbani. Tuna ekari 3 za mahindi, pojo na kunde. Karo yangu hutoka humo, na sare, na daftari ninaloandikia makala haya. Mahindi yakianza kukomaa, kaka yangu na mimi hulala dunguni kwa zamu. Tuna kurunzi, tuna madebe ya kugonga, tuna pilipili kavu ya kuchoma pamoja na kinyesi cha ng'ombe ili moshi uwawashe puani. Ndovu mzima hula karibu kilo 150 za majani kwa siku, kwa hivyo wakiingia watano hawahitaji usiku wote, saa moja yatosha. Wakati mwingine unaamka kwa sababu ya ukimya, kwani vyura wameacha kulia. Halafu unasikia bua likivunjika. Mwenzangu, sauti ile ya bua moja nakwambia haifanani na kitu kingine chochote. Mwaka juzi walimaliza robo tatu ya shamba kwa usiku mmoja, na muhula uliofuata nilikaa nyumbani wiki 5 nikingoja mama auze mbuzi.

Asubuhi baada ya dungu mimi huja shule kama ninyi. Shule yetu ni ya kutwa, hatuna bweni la kutuficha. Tunaotoka upande ule tunangojana kwenye njia panda tutembee kundi moja, na ikiwa kuna ndovu njiani tunangoja waondoke. Mwalimu wa zamu anatujua, hatuulizi tena sababu ya kuchelewa, anatazama tu kama hesabu yetu imetimia.

Sheria ipo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka wa 2013 iliweka shilingi milioni 5 kwa familia ya mtu aliyeuawa na mnyama, milioni 3 kwa aliyelemazwa kabisa, na ikataja mazao pia. Fomu zinajazwa, picha za shamba zinapigwa. Malipo yenyewe hukawia miaka, na tumbo halijui miaka.

Labda utaniuliza, haya yanamhusu nini msichana wa Uingereza aliyekuja kuhesabu ndovu? Yanamhusu sana. Mwezi wa Aprili mwaka jana mvua kubwa ilinyesha, lugga ikajaa, na gari la kambi likashindwa kuvuka. Lilikuwa na shangazi, dereva na mgeni mmoja wa kiume, mwalimu mstaafu kutoka Ujerumani. Mahali pa karibu palikuwa kwetu. Alikaa siku 2. Mama alimpikia kimanga, akala, akaomba tena. Usiku wa pili mvua ilikuwa imekatika, akasema anataka kupanda dunguni na sisi. Kaka akasita, mama akasema mwache, mgeni ni wetu. Tulikaa hadi alfajiri. Ndovu walikuja 4, wakasimama nje ya uzio wa miiba, tukagonga madebe hadi mikono ikafa ganzi. Mzee wa watu naye akagonga sufuria kwa mwiko, anapiga kelele kwa Kijerumani. Walipoondoka alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza, “Kesho una shule?” Nikamwambia ndiyo, ule muhula ulikuwa umeshafunguliwa. Akauliza tena, “Na usiku wa kesho?” Nikamwambia ni zamu ya kaka.

Shangazi anasema aliporudi kambini mzee yule alianza kuuliza maswali ambayo hayakuwa yameulizwa pale. Alitaka kujua kila ndovu anayeandikwa daftarini amekwenda upande gani usiku, na ni mashamba ya nani yaliyo upande huo. Alichora kijiji chetu kwa kalamu kwenye ile karatasi nyeupe ukutani. Akaandika majina ya njia tunazopita sisi wanafunzi. Mambo hayo hakuyajifunza kwenye hema.

Na tusidhani kwamba hii ni ndoto ya mtoto wa shule tu. Papa hapa Sagalla tuna mfano. Mtafiti Lucy King, ambaye ni mgeni kwa asili, alichunguza jambo ambalo wachungaji na warina asali walilifahamu zamani, kwamba ndovu huogopa nyuki. Kazi yake na wenzake ikazaa uzio wa mizinga. Mizinga inaning'inizwa kuzunguka shamba, mita 10 kati ya mmoja na mwingine, na yote inaunganishwa kwa waya. Ndovu akiusukuma waya mizinga inayumba, nyuki wanatoka na hasira zao, na jitu zima la tani 5 linatimua mbio! Mwenye shamba anabaki na mahindi na juu yake anapata asali ya kuuza. Walipochunguza mashamba 26 kwa muda wa miaka 9, matokeo yaliyotolewa mwaka wa 2024 yalionyesha kwamba katika misimu ya mazao uzio huo uliwazuia hadi asilimia 86 ya ndovu waliokaribia. Si dawa ya kila ugonjwa. Ukame wa mwaka wa 2017 ulipokuja maua yalikauka, nyuki wakahama, mizinga mingi ikabaki mitupu, na uzio wa mizinga mitupu hauna nguvu. Lakini angalieni kazi hiyo ilianzia wapi. Ilianzia shambani, mwenye shamba akiwapo. Mgeni alipitia kwetu kwanza, ndipo akafika kwa ndovu.

Kwa hivyo rai yangu ni hii. Kila mgeni anayekuja kujitolea katika hifadhi inayopakana na vijiji, usiku wake wa kwanza, wa pili na wa tatu aulale kijijini. Kambi ichague nyumba pamoja na wazee na kamati ya Nyumba Kumi, na ilipe chakula na malazi, maana hatuwezi kuwalisha watu wenye nauli ya ndege kwa kunde tulizopokonya midomoni mwa ndovu. Usiku mmoja kati ya hizo tatu awe dunguni ikiwa ni msimu. Ajifunze salamu, ajue saa zetu, ajue ni nani aliyelimiwa shamba na ndovu wiki iliyopita. Baada ya hapo na aende akahesabu masikio.

Nimemwambia shangazi wazo hili akacheka, akasema wakubwa wa kambi wataogopa. Mgeni akipatwa na malaria je? Akiumwa na nyoka je? Ni kweli, lakini mbu wa kambini na mbu wa kwetu ni ndugu, na mgeni anakuja na dawa zake na chandarua. Jambo hili linawezekana kama linatakiwa.

La pili ni gumu zaidi na ndilo lililo moyoni mwangu. Nimeliona lango la mbuga tangu nikiwa mtoto mchanga mgongoni mwa mama, lakini niliingia ndani mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 14, kwa basi la shule, kwa saa 4. Yule dada wa Uingereza katika juma lake la kwanza aliona ndovu zaidi ya mia, akajua majina waliyopewa. Mimi ndovu ninaowajua nawajua kwa kiza na kwa sauti. Nataka kusomea elimu ya wanyamapori nikijaliwa. Nikienda kuomba nafasi ya kusaidia nitaulizwa kama nina uzoefu. Uzoefu nitautoa wapi, ilhali nafasi ya kujitolea inauzwa kwa fedha za kigeni?

Nasema basi, kwa kila nafasi 3 za wageni, iwepo 1 ya mwanafunzi wa sekondari kutoka vijiji vya mpakani, wakati wa likizo, bila malipo, na nauli ya matatu itoke katika ada ile ile ya wageni. Atafanya kazi pamoja na mgeni, si kumbebea mkoba. Mwanafunzi anajua nyayo, anajua upepo unatoka wapi, anajua bua lililovunjwa jana na lililovunjwa juma lililopita. Mgeni anajua kompyuta na kamera. Wakikaa meza moja jioni wakaandika daftari moja, daftari hilo litakuwa na kitu.

Najua jibu litakalokuja, kwamba sisi tu watoto, chini ya miaka 18, na ndovu si mchezo. Jamani! Anayelala dunguni ni nani? Isitoshe, kuhesabu mizinga yenye nyuki, kupima mashimo ya maji, kuandika njia ambazo ndovu wamepita usiku ni kazi zinazofanyika ndovu wenyewe wakiwa mbali. Wala si mara ya kwanza watoto wa shule kujitia katika mambo haya. Vyama vya Wanyamapori vya Kenya vilianzishwa mwaka wa 1968, na walioanzisha walikuwa wanafunzi wa shule za sekondari, rika letu, wamevaa kaptura na sare kama sisi. Leo tumeviacha viwe vya kwenda matembezi tu mara moja kwa mwaka na kula mikate kwenye basi.

Wapinzani wetu wa siku ile ya mjadala walitaka mlango ufungwe. Ukifungwa, shangazi yangu atakosa kazi, na wako akina shangazi wengi. Tena mwaka wa 2022, ukame ulipoua ndovu 205 nchini kati ya Februari na Oktoba, si Mkenya wala mgeni aliyekuwa na mikono ya kutosha. Mikono inahitajika. Watetezi nao walitaka wageni washangiliwe tu. Hapana. Mtu mzima aliyesafiri nusu ya dunia kutafuta kazi anaweza kuambiwa kazi ilipo.

Nimeandika barua kwa meneja wa kambi ile, mlezi wa Chama ameisoma na kuisahihisha, na wanafunzi 11 wa njia panda wametia sahihi. Tumeomba nafasi 2 za likizo ya Agosti, na tumejitolea kuwapokea wageni 2 majumbani kwa siku 3. Mama ameshasema mmoja atalala kwetu. Shangazi ndiye aliyeipeleka barua, ameiweka juu ya meza ya meneja, chini ya sahani ya mandazi ili isipeperushwe. Hadi gazeti hili linakwenda kupigwa chapa jibu lilikuwa bado.